Dakika ya Mikono Nyuma

Jumapili, 1 Machi

Benchi zote nimezipangusa, na Kaka amepanda juu ya paa kulikaza dishi kabla mvua hazijaanza. Mwaka jana niliapa kuandika msimu mzima nikaishia mechi ya pili. Mwaka huu siapi, naandika tu.

Kwa atakayekuja kusoma (binti yangu, najua ni wewe na miwani yako): ukumbi huu ulikuwa ghala la unga la marehemu baba yako. Ilipokufa biashara ya unga na yeye mwenyewe akaifuata, nilinunua televisheni kubwa, nikachongesha benchi, nikaweka birika jikoni. Timu yetu ikicheza, mtaa mzima unahamia kwangu, maana uwanja uko mbali na king'amuzi cha mpira si kila nyumba inacho. Wananiita Mama Ukumbi. Jina langu la kuzaliwa nadhani limebaki kwa Kaka peke yake, na yeye halitumii, ananiita "mdogo wangu".

Kaka anaishi ukuta kwa ukuta na ukumbi. Alikuwa askari jela mpaka alipostaafu, kwa hiyo wateja wangu wote wanamwita Afande. Benchi ya mbele, pembeni kushoto, juu ya mto wa manyoya, hapo ni pake. Hata mgeni asiyejua chochote akiuona ule mto hakai. Lakini kazi yake hasa ni dishi. Lina mguu uliolegea. Upepo wa mvua ukilipiga linageuka, na picha inakatika vipande vipande. Fundi aliyelifunga ameshindwa nalo. Kaka hupanda ngazi, hulishika hivi, hulisukuma vile, na mimi huku chini napiga kelele, "Bado! Bado! Hapo hapo!" Nikifikiria vizuri, hayo ndiyo mazungumzo marefu tunayofanya, mimi na yeye.

Jumamosi, 7 Machi

Leo timu yetu imefanya jambo.

Refa alipopuliza kipenga cha kuanza, nahodha aliugusa mpira kidogo, kisha yeye na wenzake wote wakasimama wima, mikono nyuma, viganja vimeshikana, kama watu waliotiwa pingu. Wapinzani walikuwa wameshaambiwa, maana walibaki wanapasiana kule nyuma kwao taratibu, wakisubiri. Dakika nzima. Mtangazaji akaeleza kuwa ni kwa ajili ya mkandaji wa timu, yule mzee mnene anayekimbia uwanjani na ndoo mchezaji akiumia. Wakati wa kiangazi alikwenda kwenye maandamano ya kudai maji, akakamatwa pamoja na wengine, na hadi leo hawajafikishwa mahakamani. Wachezaji wanasema watasimama hivyo kila mechi mpaka wafikishwe mahakamani au waachiwe.

Birika lilikuwa linafoka jikoni na sikwenda.

Ndipo Kinyozi akaharibu. Kinyozi wa kule ng'ambo ya barabara ana moyo mzuri na domo lisilo na mlango. Akaita kutoka nyuma: "Afande! Watu wako hao, wahesabu!"

Tulivunjika mbavu. Na mimi nilicheka, siwezi kusema sikucheka. Kaka akainuka, akauchukua mto wake, akautia kwapani, akatoka. Mechi ilikuwa haijafika hata dakika ya pili.

Muuza Magodoro naye akaja juu, ila kwa lake. "Mimi nimekuja kuangalia mpira," alisema. "Siasa nimeiacha nyumbani."

"Unamaanisha mkeo?" Kinyozi akamuuliza.

Tulifungwa bao moja.

Jumapili, 8 Machi

Kaka hakuja kunywa chai.

Jumatano, 11 Machi

Nimemfuata. Nilimkuta anapiga pasi shati, mikunjo ya mikono imesimama wima kama ya gwaride. Hana pa kwenda na shati hilo, lakini ndivyo alivyo.

"Shikamoo Kaka."

"Marahaba." Macho hakuyainua.

"Umenuna?"

"Mtu wa umri wangu hanuni. Nimepumzika."

"Kinyozi alikuwa anatania tu."

"Kinyozi ananiwekea wembe shingoni kila Ijumaa, mdogo wangu. Mtu wa aina hiyo achague maneno." Akaiweka pasi pembeni. "Ile mikono nyuma unajua ni nini? Ni mimi. Mimi ndiye niliyekuwa nafungua mlango asubuhi nasema, tokeni, mstari mmoja, mikono nyuma. Miaka yote. Leo timu niliyoipenda tangu utoto inasimama mbele ya nchi nzima inaniigiza. Na ukumbi mzima unageuka kunitazama. Na wewe unacheka."

Nikamwambia benchi yake inamsubiri.

"Siku utakayokifunika kile kituko nisikione, nitarudi."

Jumamosi, 14 Machi

Mvua kubwa. Watu nusu. Muuza Magodoro amesusa, anapita barabarani makusudi ili tumwone amesusa. Kinyozi anasema watu hawakuja kwa sababu ya mvua. Mzee mmoja wa benchi ya tatu anasema ni kwa sababu ya siasa. Mimi nadhani ni kwa sababu tunafungwa.

Kipindi cha pili dishi likageuka. Nilipanda ngazi mwenyewe, nikafika katikati, nikaitazama ardhi, nikashuka. Bao mbili tulizofungwa hatukuziona, tulizisikia tu.

Nimemkumbuka Kaka, na si kwa ajili ya dishi peke yake. Ile pembe ya benchi ikiwa tupu inanikera machoni.

Jumatatu, 16 Machi

Nimepata dawa. Nina kitambaa changu cha harusi, kile cha ndege wawili nilichodarizi mwenyewe. Nitafunika televisheni dakika ile na kuzima sauti, nipitishe chai. Asiyetaka kuona hataona, na anayetaka anajua tayari wanachofanya. Dakika moja tu, itamwumiza nani?

Jumamosi, 21 Machi

Dawa imefanya kazi! Kaka amerudi na mto wake. Muuza Magodoro naye amerudi, akajifanya alikuwa safarini. Kipenga kilipolia nikatandaza ndege wangu wawili juu ya kioo, nikabonyeza rimoti, nikapita na sinia.

"Mama, umefunika nini, maiti?" Kinyozi aliuliza.

"Kunywa chai yako."

Akanywa. Akaomba na sukari zaidi. Kaka alikaa wima, kiko chake hakijawashwa mdomoni, anawatazama ndege wale kama vile ni bao. Nilipofunua, mpira ulikuwa unachezwa kawaida, tukatoka sare, na wote wakaenda nyumbani bila ugomvi. Nimejipongeza. Kaka bado haendi kunyolewa, nywele zimeanza kumgusa masikio, nyeupe tupu. Kinyozi akimwona anajikuna kidevu kwa uchungu wa kazi.

Ijumaa, 27 Machi

Binti yangu amekuja kutoka chuoni na mkoba wa makaratasi. Anafanya utafiti: je, wachezaji wakifanya siasa uwanjani, watazamaji wanapungua? Mwalimu wake anataka jibu. Nilimwambia aje tu aulize, wateja wangu hawana shida ya kusema.

Jumamosi, 28 Machi

Nimekaa na kalamu muda mrefu. Acha niandike kwa mpangilio.

Kabla ya mechi Binti aligawa makaratasi yake. Yalichekesha. Muuza Magodoro aliandika kwa herufi kubwa kwamba ameacha kabisa kuitazama timu hii tangu ianze siasa, kisha akamgusa jirani yake begani: "Ndugu, sogea kidogo, kichwa chako kinaniziba." Binti akanitazama. Nikamwambia andika kama alivyosema.

Kipenga. Nikatandaza kitambaa, nikazima sauti, nikachukua sinia. Nilikuwa nimefika benchi ya nne. Ghafla nje, kwenye nyumba zenye redio, kwenye duka la kona, kila mahali, watu wakapiga ukelele. Haukuwa ule wa furaha wala ule wa kawaida wa kufungwa. Nikarudi mbio, chai inamwagika, nikakivuta kitambaa. Pale juu kwenye pembe ya kioo: sisi sifuri, wao moja. Mpira umeshawekwa kati. Nahodha wetu anapangusa macho.

"Bao limeingiaje?" kila mtu anaulizana. "Nani kafunga? Saa ngapi?" Hakuna aliyejua. Ukumbi mzima wa watu wanaolipa kiingilio waone mpira, na bao limeingia nyuma ya ndege wangu wawili.

Walibishana mpaka mapumziko. Wengine walisema ni penalti. Wakati wa mapumziko matone yakaanza, Kaka akaenda kwake kufunga madirisha kama kawaida yake, na ndipo wakalirudia lile bao kwenye televisheni.

Wapinzani wa leo hawakusubiri. Watu wetu wamesimama mikono nyuma, na mshambuliaji wao akauchukua mpira akaja nao, kwanza kwa kusitasita, anatazama huku na huku kama mtu aliyeingia nyumba isiyo na wenyewe. Akampita beki wa kwanza, akampita wa pili. Hakuna aliyesogea. Akafika kwa kipa. Kipa wetu, yule kijana mrefu, alikuwa anamtazama usoni. Mikono iko nyuma. Yule mshambuliaji akaugusa mpira kwa upande wa mguu, pole pole, ukabingirika ukapita karibu na kiatu cha kipa. Angeweza kuukanyaga. Akaugeukia kwa macho tu, ukaingia.

Mfungaji hakushangilia. Alirudi kwao ameinamisha kichwa.

Nilikaa kwenye benchi ya Kaka, juu ya mto wake, jambo ambalo sijawahi kufanya. Muuza Magodoro alikuwa wa kwanza kusema. "Wameuza mechi! Hii ni kuuza mechi!" Wengine wakamwambia anyamaze. Wakasimama, wakashikana mashati, glasi mbili zikavunjika. Halafu Kinyozi akanigeukia, na safari hii hakuwa anatania.

"Mama, jambo kama lile linatokea mara moja katika maisha ya mtu. Na wewe umetufunika macho."

Imeniuma. Bado inaniuma. Nilitaka amani na nimeipata kwa kuwanyang'anya watu kilichowaleta.

Jumapili, 29 Machi

Nimemsimulia Kaka lile bao. Alikuwa anang'arisha viatu. Akasimamisha burashi.

"Hata mkono hakutoa?"

"Hata mmoja."

"Mpira ulikuwa wa kasi?"

"Ulikuwa unabingirika tu, Kaka. Hata mimi ningeudaka na sinia mkononi."

Akapiga burashi mara kadhaa. "Kipa yule?"

"Kipa yule."

"Hata mkono?"

Nikamwambia kwamba sitafunika tena. Nilisema haraka nisije nikaghairi. Nikamwambia nampenda kuliko ukumbi, lakini ukumbi si wangu peke yangu dakika ile, na kama wapo wanaoumia kuona wapo pia wanaoumia wasipoona.

"Basi nitasikiliza redioni," alisema.

"Na redio inaieleza dakika ile."

"Nitachelewa kuiwasha." Akaniinulia kiatu kingine, ikawa ndiyo kwaheri.

Jumamosi, 4 Aprili

Sijawahi kuona watu namna hii. Benchi zimejaa, sakafu imejaa, madirishani vichwa vimepangana kama machungwa sokoni. Wamekuja kuona kama watafungwa tena wamesimama. Mshonaji wa jirani, ambaye mpira kwake ni kelele, ameingia na sindano bado iko kwenye kola, akasimama dakika ile, ilipokwisha akaondoka kwenda kumaliza gauni. Wapinzani walisubiri kwa adabu. Tulishinda bao tatu!

Binti ameshika kichwa. "Mama, wiki zile walikimbia kwa sababu ya dakika ile. Leo wamejaa kwa sababu ya dakika ile ile. Niandike nini?"

"Andika kwamba tumeshinda," nilimwambia.

Pembe ya benchi ya mbele niliiwekea mfuko wa karanga mtu asikae.

Jumamosi, 11 Aprili

Mvua. Sare. Watu wachache. Dishi limegeuka mara mbili, nimelirudisha kwa fimbo ya kuanikia nguo, nimesimama juu ya pipa.

Jumatano, 15 Aprili

Kaka kapita na mwavuli. Nywele zimefika kwenye kola. Kinyozi alitoka mlangoni mwa duka lake, akafungua mdomo, akaufunga, akarudi ndani. Nadhani ni mara ya kwanza naona mdomo ule ukifungwa na mwenyewe.

Jumamosi, 18 Aprili

Kituko kingine! Kipenga kilipolia, televisheni ikaonyesha mawingu. Dakika nzima, mawingu. Mtangazaji anatuambia hali ya hewa ni nzuri. Halafu mpira ukaendelea kama vile hakuna kitu. Kumbe kituo kimeamua nacho kufunika, ila chao hakina hata ndege.

Aliyekasirika kuliko wote ni Muuza Magodoro. Alisimama juu ya benchi.

"Nimelipa kiingilio nije kuangalia mawingu? Mawingu ninayo nyumbani, bure!"

"Si ulisema hutaki kuiona dakika ile?" Kinyozi akamwuliza.

"Siitaki! Lakini nataka nisiitake kwa macho yangu mwenyewe!"

Tulicheka mpaka nikashika ukuta. Kinyozi akainuka akamnunulia chai. Wamekaa benchi moja mpaka mwisho wa mechi, wanapingana kila pasi.

Nilicheka mimi lakini mkono wangu ulikuwa kwenye droo nilimokitupa kile kitambaa.

Jumamosi, 25 Aprili

Mawingu tena, na watu wamepungua nusu. Wanasema heri redio, redio haina mawingu. Sisi tuliobaki tulinyamaza dakika ile tukitazama mawingu, na katika kimya hicho nikasikia sauti ya mtangazaji wa redio kupitia ukutani, kutoka kwa Kaka. "Wamesimama sasa, mikono nyuma, kumi na mmoja wote..."

Hakuchelewa kuiwasha.

Sikumwambia mtu. Nilipitisha chai nikiwa na furaha ambayo hakuna aliyejua imetoka wapi.

Jumapili, 26 Aprili

Binti amepiga simu. Mwalimu wake anataka neno moja: wamepungua au hawakupungua? "Mama, siwezi kutenganisha. Mvua, kufungwa, mawingu, ile dakika, vyote vimechanganyika kama unga na mchanga. Wengine waliosema wameacha walikuwa madirishani. Wengine wanaoshangilia ile dakika hawajalipa kiingilio tangu msimu uanze."

Huyo wa mwisho ni Kinyozi, nimemtambua. Nikamwambia aandike hivyo hivyo ilivyo, na mwalimu akikataa aje hapa anywe chai.

Jumanne, 5 Mei

Gazeti limeleta habari. Mechi ya mwisho, Jumamosi, timu zote mbili zitasimama, sisi na wapinzani. Nahodha wao amesema hata wao huumia misuli na hukandwa. Kituo cha televisheni kimepoteza watazamaji wengi kwa mawingu yake, sasa kimetangaza kitaonyesha yote bila kukata.

Mvua haijapumzika wiki nzima.

Jumamosi, 9 Mei

Asubuhi watu walishaanza kuniulizia nafasi. Kufikia mchana hata jikoni kwangu wamekaa, mmoja juu ya ndoo. Muuza Magodoro ameleta magodoro mawili ya dukani kwake, ameyatandika mbele ili watu wakae chini. Mshonaji amekuja na kiti chake. Binti amekuja bila makaratasi. Mfuko wa karanga uko pale pale kwenye pembe, na hakuna aliyethubutu kuuondoa, ingawa walikuwa wamebanana mpaka mtu akikohoa anakohoa na mwenzake.

Mvua ikaja na upepo. Bati likawa linanguruma, mtangazaji tunamsikia kwa shida. Timu zikaingia. Manahodha wawili wakashikana mikono. Refa akaweka kipenga mdomoni.

Na picha ikakatika.

Kwanza vipande vya rangi, halafu kioo cheusi na yale maandishi ya kutupa pole. Nilibonyeza rimoti. Nikachomoa waya nikachomeka. Nyuma mtu akasema, "Amezima." Mwingine: "Amezima tena! Kama siku ile ya kitambaa!" Nikasema ni dishi, jamani, ni upepo. Hakuna aliyesikia. Watu wa nyuma kabisa, wale wageni wasionijua, walianza kugonga benchi. "Washa! Washa!" Hata Kinyozi alinitazama kwa wasiwasi, na mtazamo ule uliniumiza kuliko kelele. Nikakimbilia mlango wa nyuma kuchukua ile fimbo ya nguo.

Ngazi ilikuwa imeshaegemezwa ukutani. Juu ya paa, katikati ya mvua, Kaka amesimama na shati lake lililopigwa pasi limemgandia mwilini, nywele nyeupe zimemwangukia usoni, amelikumbatia dishi kwa mikono yote miwili.

"Kaka! Utaanguka!"

"Nani anasema mdogo wangu amezima?" alinguruma. Sauti ya gereza, sijaisikia tangu astaafu. Hata ukumbini walinyamaza. "Sema! Bado?"

Nikarudi mlangoni. Kioo cheusi. "Bado!"

Akalisukuma. "Bado?"

Rangi. Kijani. Kivuli cha mtu. "Bado kidogo!"

"Sasa?"

Picha ikaja, safi kabisa. Timu zote mbili, wachezaji ishirini na wawili, wamesimama mikono nyuma katika mvua ile ile iliyokuwa inatupiga sisi. Mpira uko peke yake katikati ya uwanja. Refa ameteremsha kipenga na yeye pia, sijui kama alikusudia, mikono ameiweka nyuma.

"Hapo hapo!" nilimwambia. "Hapo hapo, Kaka!"

Ilibidi asiliachie, kwa sababu upepo ulikuwa unalivuta. Mimi nimesimama mlangoni, jicho moja kwenye kioo, jingine juu ya paa. Ndani hakuna aliyekohoa. Muuza Magodoro alikuwa amesimama. Hakuweka mikono nyuma, lakini alisimama na kofia ameivua.

"Wanafanya ile?" Kaka aliuliza kutoka juu, kwa sauti ndogo.

Ningeweza kumdanganya. "Ndiyo, Kaka. Wanafanya ile. Ukitaka, achia."

Maji yalikuwa yanamtiririka puani. Akayapuliza.

"Wamemaliza?"

"Bado."

"Basi nashika."

Akashika mpaka wakamaliza. Akashika na kipindi cha kwanza chote, tukalifunga dishi kwa kamba ya mshonaji wakati wa mapumziko, akashuka anatetemeka. Kinyozi alimpokea na taulo la dukani kwake. Tulifungwa bao moja na hakuna aliyelalamika. Kaka aliketi kwenye pembe yake, akauondoa mfuko wa karanga, akauliza nani amezila nusu.

Jumapili, 10 Mei

Jua leo. Kaka amekwenda kunyolewa.

Nimemsindikiza, nikakaa kwenye kiti cha kusubiri. Kinyozi alimfunga shuka shingoni, akanyoa upande wa kulia. Kaka ndiye aliyeanza kusema.

"Jana sikuona. Nilikuwa na kazi juu. Ilikuwaje?"

Kinyozi alisita. Akauweka wembe juu ya meza, akarudi nyuma ya kiti, akasimama wima. Akaiweka mikono nyuma. Kaka akamtazama kupitia kioo, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu nyeupe imesimama. Walikaa hivyo. Nje mtu alipita anavuta mkokoteni, akapita akapotea.

"Wengi wao walikuwa hawajui wako ndani kwa nini," Kaka alisema. "Walikuwa wananiuliza mimi. Na mimi sijui. Basi kila Jumamosi jioni nilikuwa napita milango yote nawaambia timu imepata ngapi. Ilikatazwa. Lakini ndilo jibu nililokuwa nalo."

Kinyozi hakuishusha mikono. "Afande, nisamehe kwa lile neno."

"Nimekusikia," Kaka alisema. "Sasa toa mikono hiyo unimalizie kichwa, nina miadi na fundi wa dishi."

Hana fundi yeyote. Amekwenda kununua msumari, ameupigilia mguu wa dishi mwenyewe, na mimi nilikuwa chini naangalia picha.